Kuongeza Nguvu ya Injini ya Lori la Dizeli: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari na Fundi Wake

Kabla hujatoa hata senti moja, piga hesabu hii. Lori la tani 40 likipanda mlima wenye mwinuko wa asilimia 5 kwa kilomita 36 kwa saa linatumia karibu kilowati 196 kuushinda uzito wake peke yake. Weka na msuguano wa matairi na upepo, unafika kama kilowati 223 kwenye magurudumu. Sasa tuseme umeongeza nguvu ya injini kwa asilimia 15, ambayo kwa lori la kazi ni nyongeza kubwa. Mlima uleule utaupanda kwa kilomita 41 kwa saa. Kama una urefu wa kilomita 10, ulikuwa unatumia karibu dakika 17, sasa unatumia chini kidogo ya 15.

Hizo dakika mbili ndizo unazonunua. Anayepanda milima kila siku na mzigo kamili zitamfaa, na atapata faida nyingine ya kutobadilisha gia kila mara. Anayetembea tambarare na mwendo umefungwa kwa kidhibiti atapata raha ya pedeli tu. Kama bado unataka, tuendelee.

Mafuta ni rahisi, kazi iko kwenye hewa

Injini ya dizeli inaongozwa kwa mafuta. Ukikanyaga pedeli unaiambia pampu au injekta imwage zaidi, ndiyo maana fundi mwenye bisibisi au kompyuta mpakato anaweza kukupa nguvu ndani ya saa moja. Swali ni kama ipo hewa ya kuyachoma mafuta hayo, na kama joto litakalozaliwa lina pa kutokea.

Chukua injini ya silinda 6 inayotoa kilowati 300 kwenye mizunguko 1800 kwa dakika. Injini nzuri ya lori hula takriban gramu 200 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo hapa ni kilo 60 kwa saa. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, maana yake injini nzima inawaka mara 324,000 kwa saa, na kila mara inapata miligramu 185 za mafuta. Ukitaka asilimia 15 zaidi, peleka miligramu 213. Tofauti ni miligramu 28, haifiki hata tone moja la maji.

Upande wa hewa ndipo mambo yanapobana. Tuseme mwanzoni injini ilikuwa inapata kilo 22 za hewa kwa kila kilo ya mafuta, yaani kilo 1320 za hewa kwa saa. Ukipandisha mafuta hadi kilo 69 na hewa ikabaki ileile, uwiano unashuka hadi 19. Hapo uko mlangoni kwa moshi mweusi, na joto la moshi limeshapanda kabla macho yako hayajaona kitu. Wapo wanaojivunia lori linalotoa wingu jeusi. Wingu hilo ni dizeli waliyoilipia ikatoka bila kuvuta chochote.

Hatua ya 1: Jua injini yako ilizaliwa kuhimili nini

Soma kibandiko cha injini: modeli, namba, nguvu na toku (nguvu ya kuzungusha shafti) iliyotajwa na kiwanda. Kisha uliza injini hiyohiyo inauzwa kwa viwango gani vingine. Volvo D13, kwa mfano, ina lita 12.8, na imeuzwa kwa nguvu farasi 420, 460, 500 na 540. Viwanda vingine vikubwa hufanya vivyo hivyo: bloku moja, viwango vingi.

Usikimbilie kusema kwamba ya 420 ni ya 540 iliyofungwa na kompyuta tu. Linganisha namba za spea: pistoni, injekta, turbo, kamshafti, hata pampu ya maji na rejeta. Zikiwa sawa mpaka kiwango fulani, hicho ndicho dari yako salama, kwa sababu kiwanda chenyewe kimeshaitoa injini hiyo sokoni kwa nguvu hiyo na kuipa dhamana. Namba zinapoanza kutofautiana, unajua ni kifaa gani kitakachokufa kwanza. Mimi siendi juu ya dari hilo kwa lori linalobeba mizigo ya wateja. Lori la mashindano ni habari nyingine.

Baada ya injini, inama usome kibati cha giaboksi. Kwa Eaton Fuller yenye maandishi RTLO-16913A, ile 16 inakuambia kwamba imeundwa kwa toku ya takriban futi-pauni 1650, karibu newtonimita (Nm) 2240, na 13 ni idadi ya gia. ZF za mfululizo wa 16S nazo zina gia 16, na namba inayofuata inaanza na mamia ya Nm: 16S 2220 ni ya takriban Nm 2200. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanahesabu nguvu farasi, wakati kinachokata shafti na kuchoma klachi ni toku. Injini ikipewa Nm 2500 mbele ya giaboksi ya 2200, haitavunjika siku hiyo. Itavunjika mlimani ukiwa na mzigo, miezi kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka kilichosababisha.

Hatua ya 2: Rudisha nguvu uliyokwisha kuipoteza

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na mara nyingi inaimaliza safari. Lori lililotembea miaka kadhaa karibu halina nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ukiprogramu kompyuta juu ya injini iliyochoka, unaongeza mafuta kwenye hewa iliyopungua.

Anza na hewa inayoingia. Funga kipimo cha mvuto kati ya chujio la hewa na turbo, kisha vuta mzigo. Kwa injini za dizeli zenye turbo, kikomo kinachotumika sana ni kilopaskali 6.2, au inchi 25 za maji. Ukikifikia, chujio ni la kutupa, hata kama kwa macho linaonekana safi. Kulipuliza kwa kompresa hakusaidii. Kunatoboa karatasi na kupitisha vumbi linalokula blade za turbo.

Halafu nenda kwenye intakula, ile rejeta ya hewa inayokaa mbele. Fungua hozi zake, ziba pande zote mbili kwa vifuniko vya kupimia, jaza hewa hadi psi 30, yaani bar 2 hivi, kisha funga vali na utazame saa. Kipimo kinachokubalika kwa malori mengi ni kutopoteza zaidi ya psi 5 ndani ya sekunde 15. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu. Ikishuka haraka, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya matenki ya pembeni, kwenye hozi na chini ya klipu. Mara nyingi utaona povu kwenye ukingo ule ambapo mirija inaingia kwenye tenki, mahali ambapo mafuta yaliyochanganyika na vumbi yameshajichora mstari mweusi kabla hujapima. Uvujaji huo una madhara mawili: injini inakosa hewa, na turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Kwa hiyo usishangae turbo ikifa wakati ugonjwa ulikuwa kwenye hozi.

Upande wa mafuta, pima presha ya pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tenki lori likiwa linavuta, maana presha ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila mzigo, haikuambii lolote. Weka kipande cha hozi ya kuonekana ndani kwenye laini inayotoka tenki. Mapovu yakipita, kuna mahali laini inavuta hewa, na hakuna programu itakayoliponya hilo. Badilisha filta zote mbili, na kama lori lina kitenganisha maji, kimwage.

Kisha fanya haya, na usiruke hata moja. Pima nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi, kwa vipimo vilivyoandikwa kwa injini yako. Pima mafuta yanayorudi kutoka kila injekta. Ile inayorudisha mengi kuliko wenzake imechoka. Kwa injini za kompyuta, tumia mashine ya kuskani kuzima silinda moja baada ya nyingine: ukiizima moja na mlio usibadilike, umempata mgonjwa. Angalia pumzi ya injini pia. Ikiwa inapumua kwa nguvu kwenye bomba la krankkesi, ringi zimekwisha, na kazi yako ni kufumua injini, siyo kuongeza nguvu. Mwisho, hakikisha moshi unatoka bila kubanwa, hasa kama lori lina chujio la masizi lililojaa.

Ukimaliza, panda mlima unaoujua na mzigo unaoujua. Wenye malori wengi wakifika hapa husema gari limerudi kama jipya, na mazungumzo ya kuongeza nguvu yanaishia hapo. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

Hatua ya 3: Funga vipimo vya kudumu

Vitatu havikwepeki: presha ya turbo, joto la moshi, na joto la maji. Cha joto la moshi, yaani pairomita, kinatakiwa kisome kabla ya turbo. Baada ya turbo namba inashuka kwa nyuzi 100 hadi 200 kutegemea mzigo, kwa hiyo itakudanganya saa ileile unapouhitaji ukweli.

Kutoboa manifoldi kunahitaji subira. Ivue, au angalau vua turbo, ndipo utoboe na kukata nyuzi, kwa sababu chembe moja ya chuma ikipita kwenye blade za turbini zinazozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, turbo imekwisha. Kama manifoldi imegawanywa mara mbili, silinda tatu kwa tatu, weka sensa kila upande ukiweza. Injekta inayovuja upande mmoja haitaonekana kwenye sensa ya upande wa pili.

Kwa injini nyingi za lori, nyuzi 650 za Selsiasi kabla ya turbo ni mahali unapoweza kukaa mlima mzima. Nyuzi 700 ni ukuta. Pistoni yenyewe haifiki joto hilo kwa sababu oili inaipoza kutoka chini, lakini aluminiamu huanza kupoteza nguvu mapema kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660. Vali ya moshi na turbini hazina wa kuzipoza namna hiyo.

Hatua ya 4: Tafuta hewa zaidi na pa kutolea joto

Intakula ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na hesabu yake iko hivi. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara tatu na turbo yenye ufanisi wa asilimia 75 inatoka ikiwa na karibu nyuzi 180. Ukiipoza hadi nyuzi 50, uzito wa hewa ndani ya ujazo uleule unaongezeka kwa karibu asilimia 40. Hakuna turbo utakayonunua ikakupa kiasi hicho kwa bei ya intakula. Kwa hiyo isafishe kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kuja mbele, kinyume cha njia ya vumbi, na uitenge na rejeta ya maji na ya kiyoyozi ili uondoe tope lililojibana katikati.

Mfumo wa maji nao hupokea sehemu yake ya joto jipya. Feni inayoteleza, thermostati iliyozeeka au rejeta yenye kutu itavumilia nguvu ya zamani, kisha ichemshe ukiongeza asilimia 15.

Kuhusu turbo kubwa: usiharakishe. Turbo kubwa inakupa hewa nyingi kwenye mizunguko 1900, ambako lori la mzigo halikai, na inakunyima hewa kwenye 1100, ambako ndiko unakoanza kuvuta. Kama turbo ya kiwango cha juu cha injini hiyohiyo ipo kwenye orodha ya kiwanda, chukua hiyo. Na kumbuka kwamba hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1000 za mwinuko. Turbo inayotosha pwani inaweza kuzunguka kupita kiasi juu milimani.

Hatua ya 5: Sasa ongeza mafuta

Kama injini ina pampu ya zamani isiyo na kompyuta, kuna sehemu tatu zinazoguswa. Kile kifaa chenye kiwambo kinachosikiliza presha ya turbo huamua mafuta yanaongezeka mapema kiasi gani. Skrubu ya mafuta ya mzigo kamili huamua kikomo. Na gavana huamua mizunguko ya juu. Gavana iache. Kuongeza mizunguko kunaongeza mkazo kwenye rodi na kwenye springi za valvu, na kwa mzigo hakukupi kitu. Anza na kiwambo, kisha robo zamu ya skrubu, kisha barabarani kupima. Ukiweza, ivue pampu uipeleke kwenye benchi la kukalibreti ili silinda zote zipate mafuta sawa. Ukiongeza kwenye pampu ambayo silinda moja ilikuwa inapata zaidi, silinda hiyo ndiyo itakayonoki.

Taimingi, yaani wakati mafuta yanapoanza kumwagwa kwenye silinda, ni kisu chenye makali mawili. Ukiiwahisha kidogo, joto la moshi linashuka na lori linavuta vizuri, lakini presha ndani ya silinda inapanda, na gasketi ya hedi haina pairomita ya kukuonya. Digrii moja au mbili zinatosha.

Kwa injini za kompyuta, njia ya kwanza ni kumuuliza wakala wa kiwanda kama injini yako inaweza kupandishwa rasmi. Baadhi huruhusu, na unabaki na dhamana. Njia ya pili ni fundi wa kujitegemea anayeandika programu upya. Mpime kwa maswali haya. Je, atasoma faili asili na kukupa nakala kabla ya kugusa kitu? Je, atarekodi lori likivuta kabla na baada? Anaelewa kwamba pedeli, kikomo cha toku, kikomo cha moshi, presha ya reli (bomba la pamoja linalolisha injekta zote), muda wa injekta na taimingi ni ramani, yaani majedwali ya maagizo ndani ya kompyuta, tofauti zinazotegemeana? Akikujibu kwamba ana "faili la stage 2" tayari kwenye simu, mshukuru uondoke.

Kosa linalojirudia ni kurefusha muda wa injekta tu kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Kwenye mizunguko 1800 krankshafti inazunguka digrii 10.8 kila milisekunde. Ukiongeza nusu milisekunde, umechelewesha mwisho wa kumwaga mafuta kwa zaidi ya digrii 5, na mafuta hayo yanawaka pistoni ikiwa imeshashuka. Hayasukumi; yanapasha moto turbo. Programu nzuri hupandisha presha ya reli kidogo, ndani ya uwezo wa pampu, ili mafuta mengi yaingie ndani ya muda uleule. Tena hukaza kikomo cha moshi badala ya kukiondoa, na hupandisha toku taratibu chini ya mizunguko 1200 ili klachi na difu zipone.

Vile viboksi vya kuchomeka kwenye sensa ya reli sivipendi. Vinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inaipandisha bila kujua imefika wapi.

Na yule atakayekwambia nguvu iko kwenye kuondoa chujio la masizi, kuziba mfumo wa kurudisha moshi au kuzima AdBlue (kimiminika kinachosafisha moshi), muulize nani atalipa faini. Nchi nyingi zinakataza. Mwishoni mwa 2023 Cummins ilikubali kulipa dola bilioni 1.675 nchini Marekani katika kesi ya programu za kukwepa vipimo vya moshi kwenye injini za pikapu za Ram. Mfumo wa moshi ulio mzima haukuzuii kupata asilimia 10 hadi 15. Ulioziba ndio unaokuzuia, na dawa yake ni kuuzibua.

Hatua ya 6: Pima barabarani, badiliko moja kwa wakati

Daino, yaani mashine ya kupima nguvu ya gari, ikipatikana, tumia. Isipopatikana, mlima mrefu unatosha. Beba mzigo uleule, tumia gia ileile, na anza kwenye mizunguko ileile. Mtu wa pili asome vipimo na kurekodi. Dereva macho yake yawe barabarani. Rekodi muda wa kutoka mizunguko 1200 hadi 1700, joto la juu kabisa la moshi, presha ya turbo, na presha ya reli iliyoombwa dhidi ya iliyopatikana. Reli ikiombwa bar 1800 na kupata bar 1650, pampu au filta imefika mwisho, na lazima urudi nyuma.

Panda mlima wote bila kuachia pedeli. Sekunde 20 za kwanza huwa nzuri kila mara, kwa sababu chuma bado hakijapata joto. Ukweli hujulikana dakika ya tano. Joto la moshi likiendelea kupanda bila kutulia, punguza mafuta mpaka litulie chini ya 650. Sikiliza na klachi: mizunguko ikiruka bila mwendo kuongezeka, inateleza, na kila sekunde unayoendelea unaiunguza.

Baada ya hapo

Dereva lazima afundishwe upya. Toku mpya inashawishi kukaa gia ya juu kwenye mizunguko 900 huku pedeli iko sakafuni, kwa sababu sasa lori halizimi. Hapo hewa ni kidogo na presha ndani ya silinda iko juu kabisa. Akae kati ya 1300 na 1600 akiwa anavuta, ashuke gia mapema, na akifika asizime injini mpaka ikae sailensa dakika mbili au tatu ili oili iipoze turbo.

Fupisha muda wa kubadilisha oili, na kila unapoimwaga chukua sampuli ipelekwe maabara. Ya kwanza ichukue kabla ya kuongeza nguvu ili uwe na cha kulinganisha. Angalia aluminiamu na chuma kwa ajili ya pistoni na silinda, shaba na risasi kwa ajili ya beringi, masizi, na dizeli iliyoingia kwenye oili. Dizeli ikionekana, kagua injekta kwanza. Aluminiamu ikipanda sampuli mbili mfululizo, rudisha faili asili kwenye kompyuta wiki hiyohiyo, kisha ndipo utafute sababu.